Nyumba ya Ulimi: Maisha ya Marehemu Regina Kasiani Msimbe, 1966–2025

Regina Kasiani Msimbe, ambaye leo analazwa hapa Nyandira katika ardhi ya ukoo wa mama yake, alitoa agizo moja kuhusu karatasi hii wakati ulimi wake ulipokuwa bado mzima. Alimwambia mdogo wake, Janeth, "Msinisifu. Watakaokuja kunizika wengi ni kina mama wenye watoto mgongoni. Wasomeeni habari ya Pendo." Janeth akamjibu kwamba habari ile itamuumiza mama yao. Regina akasema, "Mama ameshaumia. Mwulizeni yeye." Mama ameulizwa. Amesema isomwe.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Septemba 1966, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, na kwa sababu hiyo baba yake alikuwa akimtania kwamba yeye alikuja na mzigo wake tayari. Baba huyo, marehemu Mzee Kasiani Msimbe, alikuwa mkulima wa kabichi na njegere kwenye matuta ya juu ya kijiji, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Mama yake ni Bibi Skolastika, ambaye yuko pale mbele, amefunikwa kitenge cheusi.

Alianza darasa la kwanza hapa hapa Nyandira mwaka 1974, akamaliza la saba mwaka 1980. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenda sekondari Morogoro Mjini. Alikuwa kidato cha tatu, mwaka 1983, alipoitwa nyumbani kuja kumzika mdogo wake wa mwisho, mtoto mchanga wa miezi minane. Mtoto alikuwa na homa na kuharisha. Mama alimbeba kuelekea hospitali, mvua ikiwa imekata njia, naye akafia mgongoni kabla hawajafika. Siku ya maziko Regina alisikia wanawake wakinong'ona nyuma ya mama yake: "Yalikuwa meno ya plastiki yale. Angeng'olewa mapema angepona." Enzi hizo maneno hayo yalikuwa mageni milimani. Watu walisema kuna ugonjwa mpya, kwamba watoto wanaota meno meupe laini ndani ya ufizi, na yasipochimbuliwa mtoto hufa.

Mama na binti waliondoka kwenye kaburi lile kila mmoja na somo lake. Mama aliondoka akiamini kwamba alimwua mwanawe kwa kusubiri hospitali. Binti aliondoka akitaka kujua kama ilikuwa kweli. Hawakuambiana.

Mwaka 1986 Regina alijiunga na chuo cha matabibu wa meno, Mbeya. Likizo ya kwanza alirudi na mfano wa taya la mtoto uliotengenezwa kwa plasta, akauweka mezani wakati wa chakula. Watoto wote walikimbilia nje. Mzee Kasiani aliutazama, akasogeza bakuli lake pembeni, akauliza, "Regina, huyu mgeni wako tumpe nyama, au anasubiri mwili wake ufike na basi la jioni?" Nyumba nzima ilicheka. Kisha Regina akawaonyesha jinsi meno yanavyolala ndani ya taya miezi mingi kabla ya kutokeza, kila moja mahali pake, kama mbegu zilizokwisha pandwa. Akawaonyesha chonge, ambazo kwa mtoto mchanga huvimbisha ufizi na kuonekana nyeupe kwa mbali. "Hizi ndizo wanazoziita plastiki," alisema. Mama yake alikuwa akiondoa vyombo.

Alihitimu mwaka 1989 akaajiriwa, na kwa miaka thelathini na zaidi alifanya kazi katika vituo vya afya vya milimani na baadaye mjini. Waliofanya naye kazi wanakumbuka kwamba mtoto akifunguliwa mdomo mbele yake, kitu cha kwanza kutazamwa hakikuwa jino. Mama mmoja kutoka Mkuyuni aliwahi kumkasirikia.

"Shikamoo, tabibu. Nimemleta kwa ajili ya jino, mbona unamchungulia ulimi?"

"Marahaba, mama. Meno ni wapangaji tu. Mwenye nyumba ni ulimi. Wewe ukitaka kujua habari za nyumba unamwuliza mpangaji?"

Ndivyo alivyofundisha. Alisema kaakaa, dari ya kinywa, ndiyo nyumba ya ulimi. Mtoto akinyonya vizuri, akifunga midomo, akapumua kwa pua, ulimi wake unalala juu, umeegemea kaakaa, na kule kulala kwake ndiko kunakolipanua taya la juu taratibu, mwaka hata mwaka, mpaka meno yakubwa yakija yanakuta nafasi. Mashavu na midomo inasukuma kutoka nje, ulimi unasukuma kutoka ndani, na meno yanasimama pale majirani hao wawili wanapopatana. Lakini mtoto akiishi mdomo wazi, kwa sababu pua imeziba, au ananyonya kidole mpaka amekuwa mkubwa, au ana maumivu, ulimi unashuka chini au unachomoza mbele. Nyumba inabaki tupu. Kaakaa linabaki jembamba na kupanda juu, meno yanabanana, uso unarefuka. "Ulimi hauna nguvu ya kumsukuma mtu," alizoea kusema. "Ila una subira, na mfupa wa mtoto unaisikiliza subira."

Na walipokuja wenye kutaka watoto wao wang'olewe meno ya plastiki, aliwakalisha.

"Ang'olewe nini, mama, naye hana hata jino moja?"

"Hayo meupe, tabibu. Si unayaona?"

"Hizo ni chonge zake zimelala. Wewe ukiamshwa kwa spoku ya baiskeli utaamka salama? Mtoto ana homa, tumtibu homa. Anaharisha, tumpe maji ya chumvi na sukari. Meno yake mwachie."

Wengine walimshukuru. Wengine waliondoka kimya, wakapita njia ya nyuma kwenda kwa mama mchimbaji, aliyechimbua ufizi wa watoto kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Regina alijua, kwa sababu wiki iliyofuata aliwapokea tena, ufizi umeoza, mtoto hawezi kushika titi.

Ndoa yake na Jastin Dimoso ilifungwa Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1991, katika Parokia ya Mgeta. Jastin alikuwa akipeleka mboga mjini, na walikutana pale alipoingia chumba cha meno ameshika shavu, naye kabla hata ya kumsalimia akamwambia, "Toa ulimi." Miaka yote Jastin aliwasimulia wageni kwamba mke wake ndiye mwanamke pekee aliyeona koromeo lake kabla ya kupokea posa yake. Siku ya harusi mtani mmoja wa Kizigua alisimama mbele ya maharusi akapaza sauti: "Jastin, pole! Wenzako wakichelewa kurudi wananuswa mdomo. Wewe utahesabiwa na meno!" Walijaliwa watoto wawili, Kasiani na Witness. Witness ndiye aliyemzaa Pendo, Desemba 2015.

Sasa tunafika pale alipotaka tufike.

Julai 2016 Witness alikuwa Gairo, kwenye biashara ya karanga. Pendo alikuwa na miezi saba, amebaki hapa Nyandira kwa mama wa bibi yake, Bibi Skolastika. Baridi ilikuwa kali mwaka ule. Mtoto akapata homa, akaharisha, akakataa uji. Regina alikuwa ameondoka kwenda vijiji vya upande wa Matombo, kuzungumza na kina mama kwenye siku za kliniki. Alichokwenda kuwaambia ni kwamba meno ya plastiki hayapo.

Bibi Skolastika alikaa na mtoto yule mapajani kutwa nzima. Kijana alitumwa kupanda kilimani penye mtandao, akarudi akasema simu ya Regina haipatikani. Njia ya hospitali aliijua Bibi. Aliwahi kuipita na maiti mgongoni. Alimfungua mtoto mdomo akaona meupe. Asubuhi alimwita mama mchimbaji.

Regina alirudi Ijumaa, tarehe 15. Alikuta mtoto amelala, kidevu kimekauka damu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemwokoa mjukuu wako. Wewe ulikuwa wapi?"

"Yale hayakuwa plastiki, mama. Yalikuwa meno yake."

"Usinisomee. Niliwahi kusubiri hospitali, Regina. Nikamsubirisha mdogo wako mpaka akapoa hapa," akajigusa mgongo. "Nani angenisaidia kusubiri mara ya pili?"

Regina alimfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Sumu iliingia kwenye damu. Pendo alilazwa mjini, na kwa siku kadhaa madaktari hawakumwahidi mtu chochote. Alipona. Lakini mbegu za chonge zake za chini zilikuwa zimechimbuliwa, taya limepata usaha, na mdomo ulikuwa na maumivu miezi mingi. Mtoto alijifunza kunywa kwa kuusogeza ulimi mbele, mbali na kidonda, na kuacha mdomo wazi. Kidonda kilipofunga, ulimi haukurudi. Pua yake nayo ilikuwa ya kuziba, na Regina, ambaye hakupenda kusingizia kitu, alisema mara zote kwamba si kila jambo lilitokana na ile spoku. Ila alijua mlango ulifunguliwa wapi.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya kumtazama mtoto mmoja. Alimwona akikua na uso unaorefuka, midomo isiyokutana, meno ya mbele ya juu na ya chini yakiachana kiasi cha kupitisha kidole. Ugali aliweza kuumeza. Kipande cha muwa hakuweza kukikata. Alipoanza shule wenzake walimpigia kelele, "Pendo, funga dirisha, mvua inaingia!" na mmoja akamwita Mlango wa Stendi, kwa kuwa haufungwi. Pendo akajizoesha kuweka kiganja mdomoni hata anapoitika jina darasani. Mwaka 2020 nyama za nyuma ya pua ziliondolewa. Mwaka 2021 Regina alistaafu kwa hiari ili awe karibu naye.

Kila asubuhi walikaa kibarazani. Regina alimpaka asali kidogo nyuma ya meno ya juu, akimwambia ailambe kwa ncha ya ulimi, halafu auache ulimi palepale, afunge mdomo, ameze mate. Alimwonyesha kwa ulimi wake mwenyewe.

"Bibi, umechoka."

"Ulimi hauchoki. Umewahi kuona mtu analaza ulimi machela? Haya, tena."

"Sasa mpaka lini?"

"Mpaka uzoee nyumba yake."

Kulikuwa na nafuu. Pendo alianza kulala mdomo umefumba, na Regina alikuwa akiingia chumbani mchana kumtazama tu. Daktari bingwa wa Dar es Salaam alimwona akasema taya la juu linaweza kupanuliwa kwa kifaa maalumu, na ulimi ukisaidia litabaki lilivyopanuliwa. Lakini ifanyike mapema, wakati mfupa bado mchanga. Akawapangia Septemba 2024.

Na mama yake? Walikula pamoja Krismasi na Pasaka. Regina alimwuguza Bibi Skolastika alipovunjika mkono. Alimwamkia shikamoo kila siku aliyomwona. Lile neno la Julai halikutajwa tena. Watu wakadhani limekwisha. Wakati huohuo watoto wengine waliendelea kuletwa na ufizi uliochimbuliwa, hata kutoka nyumba alimokuwa amekunywa chai, na siku moja alimwambia mume wake, "Jastin, mimi nimesema miaka thelathini, na mama yangu mzazi hakunisikia. Nani amenisikia?"

Jumatatu, tarehe 19 Agosti 2024, Regina alianguka bustanini akichuma njegere. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, shavu likashuka, na ulimi ukawa mzito kinywani. Maneno yalitoka kama maji yaliyozibwa na majani. Mate yalimtiririka upande mmoja, na mdomo haukufunga.

Septemba ikapita. Hakuna aliyekwenda Dar es Salaam.

Pendo alishika zamu yeye. Alikaa mbele ya kiti cha bibi yake pale kibarazani, na aliyekuwa jirani siku ile anakumbuka maneno yake.

"Bibi, funga mdomo. Ulimi juu. Si hapo, nyuma ya meno. Bibi, mbona unafanya makusudi?" Alichovya kidole kwenye asali akampaka. "Lamba sasa. Mimi si nilikuwa nalamba?"

Regina alijitahidi. Shingo ilisimama mishipa. Ulimi ulitoka pembeni, ukalala juu ya mdomo wa chini. Asali ikateremka na mate mpaka kidevuni, na machozi yakaifuata. Mtoto alimfuta kwa sketi ya shule. Alirudia siku nyingi. Mwishowe akamwendea Jastin akamwuliza, "Babu, bibi alinidanganya? Alisema ukizoesha ulimi unasikia." Jastin alimwambia ule ni ugonjwa mwingine, wa kichwani. Pendo aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Tangu siku ile hakufanya tena lile zoezi, na akilala mdomo uko wazi.

Bibi Skolastika ndiye aliyekuwa akimwogesha marehemu, kwa mikono yake ya miaka karibu themanini, akikataa kusaidiwa. Januari mwaka huu daktari aliwapangia nafasi nyingine. Wiki hiyohiyo Regina alipata homa ya mapafu, Witness akawa wodini na mama yake, nafasi ikapotea. Aliporudishwa nyumbani alikuwa mwepesi kama mtoto. Siku moja mama alimwogesha, akamaliza, akampaka mafuta, ndipo akapiga magoti kando ya kitanda. Janeth alikuwepo.

"Regina, mwanangu. Nisemeshe. Hata kama ni kunitukana, nitukane. Usiende hivi hivi."

Regina alimtazama. Midomo ilicheza, na sauti ikatoka, ndefu, yenye kupanda na kushuka kama sentensi kamili ya mtu anayejua anachosema. Mama aliinamisha sikio. "Sema tena, mama. Taratibu." Akasema tena. Janeth alisikiliza kwa upande wake, na wote wawili hawakupata hata neno moja. Mama aliuliza mara ya tatu, lakini Regina alikuwa amechoka, akageuzia uso ukutani.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, mchana, mvua za masika zikianza. Hakuna anayejua alimwambia mama yake nini. Mama anauliza kila anayeingia kumpa pole kama anadhani lilikuwa neno la msamaha. Wanamwambia ndiyo. Yeye anajua kwamba hawakuwepo.

Kina mama mliokuja na watoto, hii ndiyo habari aliyotaka msomewe. Hatuwezi kusema kama itasaidia; yeye mwenyewe mwishoni hakuwa na hakika. Meupe yale mnayoyaona ufizini ni meno ya watoto wenu.

Marehemu ameacha mama yake, Bibi Skolastika. Mume, Jastin Dimoso. Watoto wawili, Kasiani na Witness. Mdogo wake, Janeth. Na mjukuu mmoja, Pendo, mwenye miaka tisa, darasa la tatu, ambaye hospitali haijampangia siku nyingine na nyumbani hakuna anayejua kumwonyesha lile zoezi la ulimi.

Mungu amlaze Regina mahali pa amani. Sisi tumebaki na mtoto, na mfupa unaokua haungoji matanga yaishe.